Mashine za utafiti ndani ya nyumba ya mzee: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kubisha hodi. Nazunguka Tanga, mjini na vijiji vya jirani, nikiwa mtafiti msaidizi katika miradi inayoweka vifaa nyumbani kwa watu waliovuka miaka 60: mashine ya presha, saa inayohesabu hatua, kihisi cha mwendo kinachobandikwa ukutani, pengine kishikwambi chenye maswali ya kila wiki. Maswali ya hapa chini nimeyaokota barazani. Mengi ni ya wazee wenyewe, mengine ya watoto wao walioko Dar au Muscat wanaopiga simu kwa wasiwasi, na machache ni ya vijana wapya tunaowafundisha kazi. Sijayapanga kwa uzito. Yamekaa jinsi yanavyonijia, na la kwanza huniwahi kabla sijakaribishwa kiti.

Ninyi ni watu wa sensa?

Hapana. Najua linakotoka swali hili: Agosti 2022 makarani wa Sensa ya Watu na Makazi walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi mkononi, na tangu hapo kijana yeyote mwenye kishikwambi na kitambulisho shingoni amekuja kuhesabu watu. Tumejiongezea tabu wenyewe pia, maana wenzetu wengine hukiita kile kifaa cha ukutani "sensa", kwa kufuata Kiingereza, sensor. Mwaka wangu wa kwanza nilimwambia bibi mmoja wa Chumbageni kwamba nimekuja kumfungia sensa sebuleni. Akanitazama weee. "Mlishatuhesabu, mjukuu wangu. Sasa mnatufungia tusitoroke?" Toka siku ile nasema kihisi, na nikiona sura bado haijafunguka nasema "kile kinachojua kama mtu amepita".

Wala si watu wa TASAF, wala wa umeme, wala wa chama. Utafiti wa afya Tanzania Bara lazima uwe na kibali cha maadili, na ngazi ya taifa kinatolewa na NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Zanzibar iko taasisi yake, ZAHRI. Kenya utasikia NACOSTI, tume yao ya sayansi na teknolojia. Mtafiti wa kweli amepita kwa mwenyekiti wa mtaa kabla ya kufika kwako, na anakuachia karatasi yenye namba ya kibali na simu ya kamati ya maadili, si simu yake tu. Akiwa hana karatasi, mpe maji ya kunywa aende zake.

Kwa nini msichukue vijana? Wao ndio wanajua simu.

Vijana ndio waliovitengeneza, ndiyo maana vinawatosha wao. Kioo cha kugusa kinafanya kazi kwa kuhisi umeme mdogo kupitia ngozi, na ngozi kavu haiupitishi vizuri. Kidole cha mtu aliyeshika jembe miaka 50, kimekauka na kuota sugu, kinagusa mara tatu na kioo kimya. Yeye anadhani kosa ni lake. Anabonyeza kwa nguvu, anaacha kidole palepale, na kishikwambi kinaelewa kwamba anataka kufuta.

Mlio nao. Masikio yakizeeka, sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea, na watengenezaji wa vifaa wanapenda sauti nyembamba. Nimekaa na babu mmoja huku mashine inapiga filimbi mezani kati yetu, naye ananisimulia mambo ya mashamba ya mkonge bila kupepesa. Nikamwonyesha kwa kidole. "Ala! Kumbe inalia?" Maandishi ya kijivu juu ya kioo cheupe, kwa mwenye mtoto wa jicho, ni kioo kitupu. Haya yote huwezi kuyaona ukijaribu kifaa chako kwa wanafunzi wa chuo.

Si mngetupima hospitali tu?

Presha ya hospitali ina mambo yake. Mtu amepanda daladala, amepanga foleni tangu saa 12 asubuhi, ameitwa jina na mtu mwenye koti jeupe. Presha itakosa kupanda? Ndiyo maana mipaka ni miwili: kliniki presha ya juu huhesabiwa kuanzia 140 kwa 90, nyumbani 135 kwa 85. Lakini ya nyumbani ina masharti. Ukae dakika 5 umetulia, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono umelala usawa wa moyo, na usiongee. Hilo la mwisho ndilo kazi. Bibi gani atakaa dakika tano na mgeni bila kumuuliza habari za kwao? Kwake ni utovu wa adabu. Siku hizi natoka nje nikasimama mlangoni mpaka mashine imalize, ndipo tunaamkiana upya.

Kutembea ndiko kunakoonyesha zaidi faida ya nyumbani. Portland, katika jimbo la Oregon huko Marekani, kuna kituo kinaitwa ORCATECH, kilichoanzishwa mwaka 2004 katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi cha Oregon. Walipanga vihisi kwa mstari darini mwa korido, mzee akipita kwenda jikoni mwake kasi yake inajiandika yenyewe, bila saa wala kubonyeza kitu. Mwaka 2012 walichapisha matokeo ya watu 93 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, waliofuatiliwa hadi miaka 3. Wale ambao akili ilikuwa imeanza kulegea kidogo, kasi yao na jinsi inavyopanda na kushuka siku hadi siku vilikuwa na mwenendo tofauti na wenzao. Daktari anayekuona mara moja kwa mwaka, ukiwa umevaa vizuri na umejikaza, hilo hawezi kuliona.

Kile kidude cha ukutani kinaniona? Kinasikia tunachoongea?

Hakina jicho wala sikio. Kinahisi joto la mwili likipita mbele yake, basi. Kinachoandika ni hivi: saa 11 na dakika 42 alfajiri, sebuleni, mwendo. Hakijui umevaa nini, unaongea na nani, wala unasema nini juu ya mkweo.

Ila kina kijitaa chekundu kinachowaka kila kikihisi kitu, na hapo tulikosea. Bibi mmoja tulimfungia Jumatatu. Kufika Ijumaa takwimu zikasema hajaingia sebuleni siku nne. Tukapanda pikipiki mioyo ikiwa mikononi, tukamkuta kwenye mkeka sebuleni anachambua mchele. Kihisi kimefungwa kanga, fundo zuri kabisa.

"Shikamoo bibi. Hiki mbona umekivalisha?"

"Marahaba. Kilikuwa kinanikodolea usiku."

Hatukuwa tumemwambia habari ya taa. Sasa tunabandika kipande cha plasta nyeusi juu ya kijitaa mbele ya macho yake, na akitaka kukifunika siku ya wageni au ya shughuli, akifunike. Hiyo ni sebule yake.

Kamera ni habari nyingine. Huko Columbia, Missouri, makazi ya wazee ya TigerPlace yanashirikiana na chuo kikuu cha jimbo hilo, na watafiti waliwauliza wazee kuhusu kamera zinazogundua mtu akianguka. Picha ikigeuzwa kivuli kitupu, kisicho na sura wala nguo, wasiwasi wao ulipungua. Huku kwetu hata hicho kivuli, chumbani, sijakutana na bibi aliyekitaka, nami sikitaji. Chenye lenzi hakiingii chumba cha kulala wala msalani, hata akitokea mfadhili wa kukisifia.

Nyumbani tuko tisa, na mbuzi anaingia. Kitanijuaje mimi?

Hakitakujua. Swali hili ndilo bora kuliko yote niliyowahi kuulizwa, na aliyeniuliza ni mzee wa Pongwe, fundi seremala mstaafu, si profesa.

Wale 93 wa Portland walikuwa wakiishi peke yao, kila mmoja na nyumba yake. Hapo ndipo mfumo mzima ulipoegemea: akipita mtu koridoni ni yeye, maana hakuna mwingine. Sasa uchukue uulete Pongwe. Jiko liko nje, choo kiko nje, korido haipo. Wajukuu watano, mke wa mtoto wa pili, jirani anayekatisha uani kwenda kuchota maji. Tulijaribu wiki moja, na kwa mujibu wa kihisi mzee wa miaka 78 alikuwa akivuka sebule mamia ya mara kwa siku, mara nyingine kwa kasi ya mtoto anayekimbizwa na fimbo.

Njia zipo, ingawa kila moja ina kasoro yake. Saa ya mkononi inatofautisha mtu na mtu, mradi aivae. Wako wanaoitundika msumarini na kuivaa wakisikia pikipiki yetu. Kihisi kinaweza kuwekwa kwenye kitu ambacho ni chake tu: kiti chake cha barazani, mlango wa chumba chake, kopo la dawa zake. Kuna kinachowekwa chini ya godoro kinachopima usingizi na mapigo ya moyo. Kizuri sana, mpaka ukumbuke kwamba mjukuu mdogo analala na bibi. Kila mtu Afrika Mashariki anajua mjukuu mdogo analala na bibi. Aliyetengeneza kile kifaa hakuwa na wa kumwambia. Kwa hiyo kabla ya kufunga chochote tunauliza nani analala wapi na nani, na swali hilo anauliza mwanamke kwa mwanamke, tena taratibu, si dakika ya pili baada ya hodi.

Lipo na la pili ndani ya swali hilohilo. Ikiwa kihisi hakitofautishi watu, basi kimewaandika wote tisa. Binti anayeamka saa 8 usiku kumnyonyesha mtoto naye yumo kwenye kompyuta yetu, wala hakutia sahihi popote. Ndiyo maana tunakaa na nyumba nzima, watoto kwa wakubwa, tunaeleza kidude ni nini. Mmoja wao akisema hakitaki sebuleni, hakiwekwi sebuleni.

Mwanangu wa Dar ameshakubali kwa niaba yangu. Si inatosha?

Haitoshi, na hapa huwa nakuwa mgumu hata kwa watoto wanaonipigia wakinisihi.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa za afya zimo katika zile zinazoitwa nyeti, na ridhaa anaitoa mwenyewe mwenye taarifa. Kenya walitangulia, sheria yao ya ulinzi wa data ni ya 2019. Hakuna mahali sheria inaposema kwamba anayelipia king'amuzi ndiye anayemiliki presha ya mama.

Nawaelewa watoto. Mtu yuko mbali, simu ikilia usiku anaruka, anataka kila jioni apate namba za mama kwenye WhatsApp. Mama mmoja wa Makorora aliponisikia naeleza hayo akacheka. "Huyo hataki kujua presha yangu. Anataka kujua nimekwenda wapi." Kwa hiyo tunauliza maswali mawili yaliyotengana: unakubali kushiriki? Na je, unataka nani mwingine aone, na aone nini? Nimeshuhudia wengi wakiruhusu presha ionekane na kukataza mienendo. Aonyeshe atakacho.

Kuna ndiyo na ndiyo. Pwani hii mgeni hakataliwi usoni. Mzee akikwambia "tutaona, Mungu akipenda", kijana mgeni wa kazi anaandika kwamba amekubali. Hajakubali huyo. Dawa yake ni kumwachia karatasi na kurudi baada ya siku tatu, umkute peke yake, bila mwenyekiti wala mtoto pembeni. Ukirudi mara ya kwanza yuko shamba, mara ya pili yuko shamba, mara ya tatu mjukuu anakwambia ameenda shamba huku unamsikia anakohoa ndani, jibu umeshalipata. Shukuru uondoke.

Sijui kusoma. Nitatiaje sahihi?

Karatasi inasomwa yote kwa sauti, mbele ya shahidi unayemchagua wewe na asiye wa upande wetu, kisha unaweka dole gumba na yeye anatia sahihi. Katikati tunakuomba utueleze kwa maneno yako ulichoelewa. Si mtihani wako, ni wetu: ukieleza vingine, sisi ndio tumeeleza vibaya.

Mama ameanza kusahau. Anaweza bado kushiriki?

Mara nyingi anaweza, na tafiti za kusahau zitafanywa na nani kama wanaosahau wamefungiwa nje?

Mfano wa karibu ni wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Madaktari wa huko na wenzao wa kaskazini mwa Uingereza walipita vijiji mwaka 2009 na 2010, wakakuta kati ya watu wa miaka 70 na kuendelea asilimia 6.4 wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ule ambao mtaani tunasema "ni uzee tu". Shida waliyokumbana nayo ni vipimo. Vile vya ng'ambo vinamtaka mtu achore, aandike, ahesabu kwa kurudi nyuma. Bibi ambaye hajawahi kushika kalamu anaanguka mtihani akiwa na akili timamu. Kipimo kilichozaliwa baada ya hapo, kinachoitwa IDEA, badala ya kuchora kinatumia njiti za kiberiti: unamwonyesha umbo, naye anapanga njiti zake vilevile. Kila mwanamke wa Hai ameshika njiti ya kiberiti. Baadaye kikatiwa kwenye programu ya simu ili mhudumu wa kawaida aweze kukitumia.

Kuhusu ridhaa: kusahau jana hakumaanishi huwezi kuamua leo. Tunaeleza kwa kifupi, asubuhi kichwa kikiwa chepesi, na tunaeleza tena kila tukija. Ikifika mahali haelewi kabisa, ndugu anayemtunza anaombwa, lakini hata hapo mama akiivua saa na kuitupa, hiyo ni kauli. Haivishwi tena kwa nguvu.

Mnalipa shilingi ngapi?

Nauli ukiitwa mahali, na fidia ya muda wako, kiasi ambacho kamati ya maadili imekipitisha na kimeandikwa kwenye karatasi. Watu hudhani ni kidogo kwa ubahili. Fikiria upande wa pili. Pensheni Jamii ya Zanzibar ilipoanza Aprili 2016 ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi. Inua Jamii, posho ya wazee ya Kenya, ni shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi. Mtu anayeishi na kiasi hicho ukimwekea laki mbili mezani hujamuuliza anataka nini. Umemnunua, na hata kifaa kikimchubua mkono hatasema, asije akaipoteza.

Sukari na sabuni tunazobeba mkononi hazihesabiki hapa. Huwezi kwenda kwa mtu mzima mikono mitupu.

Umeme na bando je?

Juu yetu. Kama kifaa kinachajiwa kwako, tunaweka LUKU. Na laini ya kifaa tunaisajili sisi, si kwa kitambulisho chako.

Mtanipigia kuniuliza namba ya siri?

Kamwe. Tumeshapokea sote ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mtu yeyote akitaja jina letu kisha akataja pesa, kata simu, mwite mjukuu.

Mnachukua damu?

Katika kazi hii ya vifaa, hapana. Swali siyo la kijinga. Pwani na bara tumekulia na hadithi za mumiani, gari linalopita usiku kuchukua damu za watu, na hadithi hizo ziliota wakati ambapo wageni walikuja kweli na sindano bila kueleza zinakwenda wapi. Mradi ukiwa na kipimo cha damu, kimeandikwa peke yake na unaweza kukikataa ukabaki na mengine.

Namba zikija mbaya mtaniambia, au mnaandika tu?

Uliza hili kabla ya kukubali, usingoje. Miradi mingine inakusanya na kuchambua baada ya miezi. Wewe unadhani kuna daktari anakutazama kila usiku, kumbe hayupo mtu. Sisi tunasema wazi siku ya kwanza: mashine ya presha ikizidi kiwango fulani, tunapiga simu na kukuelekeza kituo cha afya. Kihisi cha mwendo hakitakuokoa ukianguka. Piga kelele kama zamani.

Usiamini pia kila namba. Vifaa vingine vya kidole na saa hupima kwa kumulika mwanga kwenye ngozi, na rangi ya ngozi ina maneno yake. Desemba 2020 madaktari wa Michigan waliandika katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba kile kibanio cha kidole cha kupima oksijeni kilishindwa kuona upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Kwa hiyo mzee akiniuliza "hiki kimejaribiwa kwa watu wa rangi yetu?" simchukulii kama mbishi. Nikiwa sina jibu, kifaa kinabaki kwenye begi.

Ramadhani itakuwaje? Na nikienda msibani?

Endelea na maisha yako. Tatizo hapo ni letu. Kompyuta iliyofundishwa usingizi wa watu wa Oregon ikiona nyumba nzima imeamka saa 10 usiku, mwanga, mwendo wa kwenda na kurudi, inasema mzee hana usingizi. Ni daku. Mchana katulia, inasema amedhoofika. Amefunga. Msiba ukitokea, sebule inajaa mikeka na watu siku tatu, na mwenye saa kahamia nyumba ya marehemu. Sasa tunampa kila mzee, au mjukuu wake anayejua kuandika, daftari la kurasa 40. Anaandika tu: safari, msiba, funga, mafua, wageni kutoka Pemba. Mwisho wa mwaka mchambuzi wetu alisema daftari hizo zimemsaidia kuliko saa.

Saa unaivua ukitawadha kama inakukera. Haziogopi maji, lakini mkanda wa mpira ukibaki na unyevu unawasha.

Naweza kuacha katikati?

Siku yoyote, bila sababu, na hupotezi matibabu wala urafiki. Taarifa zilizokwisha kukusanywa unaweza kuomba zifutwe kabla hazijachanganywa na za wengine. Baada ya hapo haiwezekani kuzichomoa, na hilo tunalisema mwanzoni.

(La vijana wetu) Wazee tuwashirikishe kuanzia hatua ipi?

Kabla ya kununua kifaa. Siyo baada ya kukifunga, mkiwaita semina kuwapa soda na kuwauliza kama kimewapendeza. Watasema kimewapendeza, soda yenyewe ya baridi.

Kaeni na watano au sita, kikao kiwe kwao, muwape kifaa mkononi mnyamaze. Tazameni wanakiweka wapi. Seremala wa Pongwe ndiye aliyetwambia kihisi kisiwekwe mkabala wa dirisha la magharibi, maana jua la alasiri linapiga ukuta, akawa na haki: joto lile lilikuwa linaandikwa kama mtu. Majina pia wapewe wayatoe wao. Tamko la Helsinki, mwongozo wa madaktari wa dunia tangu 1964, liliporekebishwa Oktoba 2024 ndipo lilipoacha kumwita mtu mfanyiwa utafiti na kumwita mshiriki. Kiswahili cha fomu zetu kilikuwa kimeshamwita mshiriki miaka yote, ila kumshirikisha tulikuwa hatujaanza.

Na msiabudu mashine. Utafiti wa I-CONECT, ulioongozwa na Hiroko Dodge, ulichukua watu 186 wenye miaka 75 na zaidi, wapweke, wa Portland na Detroit. Ulitumia kompyuta, lakini ndani ya kompyuta mlikuwa na mtu: mazungumzo ya video ya nusu saa, mara 4 kwa wiki kwa miezi 6, kisha yakapunguzwa. Waliozungumza walionyesha nafuu kiasi katika vipimo vya akili kuliko waliopigiwa simu fupi ya kila wiki tu. Kwetu mzee mwenye baraza lenye watu jioni tayari anapata mara saba kwa wiki. Lakini wako waliobaki wenyewe, watoto wote wameondoka, na hao nikienda kusoma mashine ya presha dakika kumi natoka baada ya saa mbili. Pangeni ratiba yenu hivyo. Nyumba nne kwa siku, si kumi.

Mjukuu akikivunja? Kikiibwa?

Hudaiwi. Tuambie tu.

Mkishaondoa vitu vyenu, mashimo ya misumari nani anaziba?

Sisi. Siku ya kufunga tunaupiga picha ukuta, na siku ya kufungua tunakuja na fundi na kopo la rangi. Bibi wa kanga alikataa. Alisema msumari ubaki, ameshapata pa kutundika kalenda.